Kunduchi, Kigamboni, Kilwa au Msimbati? Hesabu za kutembeza watoto ukiwa unaanzia Mtwara

Nyumbani kwangu hapa Mtwara shule zikikaribia kufunga wimbo ni mmoja tu, Kunduchi, Kunduchi, Kunduchi, yale mabembea ya maji ya Dar. Mkubwa yuko kidato cha kwanza, wa kati yuko la nne, mdogo ana miaka minne na hata hakumbuki Kunduchi ni kitu gani ila anaimba na wenzie kwa sauti kuliko wote. Baba yao akisikia tu anatoka nje kuangalia kama gari imefungwa vizuri, na gari hatuna.

Nimeamua kuandika kwa upande wa mtu wa huku kusini kwa sababu ushauri mwingi wa kupeleka watoto kwenye mabembea ya maji wanautoa watu wa Dar, ambao kwao safari yenyewe ni daladala mbili, wamecheza, jioni wako kwao wanakula wali. Sisi kabla mtoto hajalowanisha hata kidole tushakaa kwenye basi kutwa nzima, kilomita kama 560 kutoka hapa mpaka Dar, Lindi wao wana nafuu ya kilomita mia na kitu hivi. Kwahiyo mi nikipanga siulizi kwanza kiingilio ni shilingi ngapi, nauliza kwa kila saa ya gari mtoto anapata saa ngapi za kucheza. Ukianza na swali hilo mambo mengi yanabadilika, utaona.

Tuanze na Dar maana ndiko roho za watoto ziliko. Kuna sehemu mbili zinazotajwa sana, Kunduchi Wet 'n' Wild kule kaskazini ya jiji pembeni ya bahari, na Fun City iliyoko Kigamboni. Kunduchi sifa yake ni maji, bembea za kuteleza za kila aina, ndefu na fupi, za watu wazima na za vitoto. Fun City ina ya maji na ya nchi kavu pia, kwahiyo yule mtoto anaeogopa maji nae hakai pembeni na taulo. Kwa mtu wa Dar kuchagua kati ya hizo mbili ni suala la anaishi upande gani, akikaa Tegeta anaenda Kunduchi, akikaa Temeke anaenda Kigamboni, imeisha.

Kwa mtu anaetoka kusini jibu liko wazi zaidi kuliko watu wanavyodhani. Angalia basi linavyoingia jijini, unapita Ikwiriri, Kibiti, Mkuranga, Vikindu, alafu unafika Kongowe kabla hata hujaiona Mbagala. Pale Kongowe ndipo inapochepuka barabara ya lami ya kwenda Mjimwema na Kigamboni. Yani ukishuka Kongowe na mizigo yako unashika gari la Kigamboni, hujaingia mjini, hujapigwa foleni, hujapanda kivuko wala daraja. Kunduchi sasa, kutoka Mbagala inabidi ulikate jiji lote mpaka barabara ya Bagamoyo, ushuke Mtongani, ushike bajaji mpaka ufukweni, na watoto watatu na begi la nguo mbichi jioni mnarudi njia ileile watu wakiwa wanatoka makazini. Mara ya mwisho nilivyofanya ile safari mdogo alilala begani kwangu kwenye daladala tukiwa tumesimama, nguo yake ya kuogelea bado inachuruzika mgongoni mwangu, na kuna mama akaniuliza mtoto anaumwa? Nikamwambia haumwi mama angu, ametembezwa.

Kwahiyo kama unatokea huku na shida yako ni maji na kuteleza tu, kwa mimi Kigamboni inaishinda Kunduchi kwa njia peke yake. Kunduchi nampa mtu mwenye ndugu huko Tegeta, Mbezi Beach au Bunju, au anaekwenda Dar kwa mambo mengine na ana siku tatu nne za kukaa.

Sasa pesa. Namba hizi naziweka kwa mfano tu ili uone umbo la hesabu, nauli na viingilio vinapanda, wewe piga simu uulize wiki hiyohiyo unayosafiri. Tuchukulie nauli ni elfu 35 kwa kiti. Sisi tuko watano, mdogo tunampakata, viti vinne, kwenda na kurudi ni laki 2 na elfu 80. Kiingilio weka hata elfu 20 kwa kichwa wote watano, laki moja. Umeona hapo? Watu wanagombana na bei ya getini wakati barabara imeshakula karibu mara tatu yake, na hujanunua hata maji ya kunywa. Ndio maana mi nikisikia mtu anasafiri kutoka Mtwara kucheza siku moja tu alafu kesho yake anageuza namuonea huruma. Ukishalipa barabara hiyo kaa hata siku tatu, siku moja ya maji, siku nyingine wapeleke kuona vitu vya bure au vya bei ndogo, makumbusho pale mjini, feri kuangalia samaki na kivuko.

Na kuhusu kumpakata mtoto wa miaka minne njia nzima, naomba niseme ukweli, mpaka Lindi unamuona malaika, kuanzia Mbwemkuru magoti yanakufa ganzi, ukifika daraja la Mkapa pale Rufiji unaanza kujiuliza hicho kiti cha tano kingekuwa shilingi ngapi kumbe. Baba yake tulipeana zamu lakini zamu yake kila mara mtoto alikuwa anataka kwa mama, sijui walipatana vipi.

Ndege ipo, Mtwara mpaka Dar kama saa moja tu, ila kwa vichwa vitano bajeti yetu haifiki huko, tuendelee.

Kulala ndio kuna mtego mkubwa ambao watu hawausemi. Wote tunajua dawa ya bajeti ni kufikia kwa ndugu, na sisi wa kusini Mbagala ndio kwetu, nusu ya ukoo uko kule. Mi nina wifi yangu Mbagala, mtu mkarimu sana, huwezi kufika Dar ukalala gesti akajua, ataongea mpaka msibani. Sasa wifi ana watoto wanne. Asubuhi nawaamsha wangu watatu nawavalisha, wale wanne wamekaa kwenye mkeka wanaangalia, wadogo zao wanaenda kuogelea. Utawaacha? Huwaachi. Na wifi mwenyewe lazima aje kusaidia kuwashika. Tayari kutoka viingilio vitano tumefika kumi, ile laki moja imekuwa laki mbili, ongeza na nauli zao na soda. Alafu huendi kwa mtu mikono mitupu, umebeba korosho kilo mbili tatu zilizobanguliwa, samaki wakavu, na siku ya pili unanunua mboga. Siwasemi vibaya, na watoto kucheza na binamu zao ndio raha yenyewe, wangu mpaka leo wanasimulia walivyopangana foleni ya slaidi saba kwa ukubwa. Ila usije ukaandika kwenye daftari lako kwamba malazi ni bure. Piga hesabu ya wale watoto wa mwenyeji toka siku ya kwanza, na kama ukiona chumba cha lodge ya kawaida Kigamboni kwa usiku mmoja kinakuja chini ya hapo basi cheza kwanza siku hiyo, lala hukohuko, alafu kesho yake ndio uende kusalimia Mbagala ukiwa na korosho zako. Wifi nisamehe.

Vitu vya kuuliza kwenye simu kabla hujakata tiketi: kiingilio kinajumlisha kila kitu au kuna bembea zinalipiwa mbali, maana sehemu nyingine unaingia kwa bei nzuri ukifika ndani kila kitu kina tiketi yake. Mtoto anahesabiwa kwa umri au kwa urefu, kwasababu slaidi kubwa karibu kila mahali duniani zina kipimo cha urefu, na mtoto wa miaka nane aliyekaa basi kutwa nzima akiambiwa pale kwenye ngazi hujafika, hicho kilio utakisikia mpaka Nangurukuru. Chakula cha nje kinaruhusiwa? Sehemu nyingi za michezo ya maji hawaruhusu, na bei za chips za ndani ni nyingine. Na nguo. Fulana za pamba na jinzi huwa zinakataliwa kwenye mabwawa mengi, na sisi wengi wetu huku wanawake tunajisitiri, kwahiyo uliza kama nguo ya kuogelea ya kufunika mwili wanaruhusu, usifike getini na baibui ukaishia kukaa kwenye kiti unashika simu za watu.

Siku ya kwenda: sio Iddi, sio Krismasi, sio Pasaka. Siku hizo hata Dar yenyewe inahamia kule na mtoto anapanda slaidi mara tatu siku nzima, muda mwingine ni foleni. Katikati ya wiki ya likizo ndio penyewe. Na ukipanga likizo ya Juni ukaivuta mpaka mwanzoni mwa Julai unaikuta Sabasaba kwenye viwanja vya Mwalimu Nyerere barabara ya Kilwa, upande wetu kabisa kutoka Mbagala, na kwenye maonyesho kama yale mabembea ya watoto hayakosekani. Masika, yani Aprili na Mei, mi siendi hata kwa dawa. Mei 2024 baada ya kimbunga Hidaya barabara ilikatika kule Somanga na kusini tukawa kama kisiwa, magari yamepanga mstari pande zote mbili. Na watoto kwenye basi? Hapana.

Haya, Kilwa. Hapa najua kuna watu wataguna, eti nimewaambia watoto mabembea unanipeleka kwenye magofu. Tulia.

Kilwa kwetu sisi ni kama nusu ya njia ya Dar. Unashuka Nangurukuru, unachepuka kama kilomita 30 mpaka Kilwa Masoko, mchana umefika na watoto bado wana nguvu. Tahadhari moja, msimu wa watu wengi konda wa basi la Dar anaweza kukutaka nauli ya Dar hata kama unashuka Nangurukuru, kwasababu kiti chako anakiona kinaenda kitupu, kwahiyo ama ubishane mapema kabla mzigo haujaingia buti au uunge, Lindi kwanza alafu gari la Kilwa. Sisi tuliunga na mapumziko ya Lindi yakawa chai na ming'oko, watoto wakashuka wakakimbia kidogo, mi nikanyoosha yale magoti.

Asubuhi unaenda ofisi ya wasimamizi wa magofu pale Masoko mnalipia kibali, Mtanzania bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na mgeni wa nje, mnapewa muongozaji, mnavuka kwa boti mpaka Kilwa Kisiwani. Kwa mtoto wa Mtwara mjini ambae bahari anaiona kila siku lakini boti hajapanda, kile kipande cha maji peke yake ni bembea tosha. Mdogo wetu alishika ukingo wa boti kwa mikono miwili hakuongea neno mpaka tunafika, tukishuka tu akasema, tena!

Kisiwani kuna Gereza, ile ngome ya ufukweni ambayo Wareno waliijenga kwanza 1505 na Waarabu wa Omani wakaja kuijenga upya, kuna Msikiti Mkuu na majumba mengine, UNESCO waliiweka kwenye urithi wa dunia 1981 pamoja na magofu ya Songo Mnara. Ibn Battuta alipita 1331 akakuta mji una hali yake. Wa kati nilimwambia kwamba sarafu za hapa Kilwa ziliokotwa mpaka Australia, mwaka 1944, akaniangalia kama namdanganya, akaenda kumuuliza muongozaji kwa siri, akarudi kimya.

Ila kilichoniua mimi ni Husuni Kubwa. Ni mwendo, jua kali, watoto washaanza kulalamika, unafika juu pale kwenye mabaki ya jumba la sultani la karne ya 14 linaloangalia bahari, alafu unakuta bwawa la kuogelea. Bwawa kabisa, la pembe nane, limejengwa kwa mawe ya matumbawe, lina ngazi za kushukia. Watoto wangu ambao njia nzima walikuwa wananung'unika Kunduchi, Kunduchi, wakasimama ukingoni. Mkubwa akasema kumbe huyu nae alikuwa na ya kwake. Mdogo akavua ndala akaziweka vizuri pembeni, akashuka ngazi ya kwanza, akageuka akaniuliza, mama, maji yanafunguliwa saa ngapi?

Muongozaji alicheka mpaka akakaa chini. Jioni tukawapeleka ufukwe wa Jimbizi palepale Masoko wakaoga bahari bure mpaka giza.

Sasa ubaya wa Kilwa nao niseme. Mtoto chini ya miaka sita hapati kitu zaidi ya boti na kubebwa juani, tena ni wewe unaembeba. Kisiwani ubebe maji na chakula chako. Kama una mtu mzima mwenye miguu mibovu usimpeleke Husuni. Na lodge tuliyolala, sitaitaja, ilikatika maji usiku wa kwanza tukaogea ndoo moja watu watano, wenyewe wakasema pampu. Ukifika kabla hujalipa fungua bomba, ndio nilichojifunza.

Kwa hesabu yangu ya saa, Kilwa siku mbili usiku mmoja inawezekana lakini unabanwa, siku tatu ndio inakaa vizuri, na gharama yake kwetu ilikuja kama nusu ya Dar kwasababu nauli ndogo na hakuna wifi.

Ya mwisho ni nyumbani hapahapa. Watu wa Mtwara tuna tabia ya kuona kama ukibaki hujatoka, gesi yetu yenyewe inatoka Madimba inaenda Dar kwa bomba, watoto nao wanataka kuifuata. Lakini Msimbati ni kama kilomita 40 na ushee tu kutoka mjini, mchanga mweupe, minazi, ndani ya hifadhi ya bahari ya Mnazi Bay na maingilio ya Ruvuma, na ni pwani ambayo magari hutembea juu ya mchanga, kitu ambacho watoto wa kiume wanakichukulia kama mchezo wenyewe. Mnachanga familia mbili mnakodi Noah, mnapika pilau nyumbani mnaweka kwenye hotpoti, madafu mnanunua huko. Saa za gari ni chache mno, mchezo kutwa nzima. Kwenye kipimo changu hakuna inayoigusa.

Shida yake ni moja na ni kubwa, hakuna waokoaji na hakuna kipimo cha urefu, bahari haina konda. Kabla ya kupanga tarehe uliza wavuvi kama ni bamvua au maji mafu. Kwenye bamvua maji yanapwa mbali sana, watoto wanachezea madimbwi wanaokota makome wakati maji yamekupwa, alafu yakigeuka yanakuja kwa kasi na mkondo wake sio wa kuchezea. Mi natenga watu wazima wawili kwa zamu, hawali, hawashiki simu, wanaangalia maji tu. Kwenye bwawa la Kigamboni hiyo kazi kuna mtu analipwa kuifanya, na hapo ndipo kiingilio kinapojilipa, lazima niwe mkweli.

Kama hata Noah imeshindikana, Mikindani ni daladala tu, kama kilomita kumi, Boma la Mjerumani la 1895 na mtaa aliofikia Livingstone 1866 na vitumbua vya asubuhi, nusu siku inatosha. Na watu wa Lindi, Nanenane ya kanda yetu inafanyika Ngongo, fuatilia kama mabembea ya kuzunguka yamekuja mwaka huo, mtoto ambae hajawahi kupanda hata moja hajui kwamba Dar yako makubwa zaidi.

Kwahiyo mimi ningekuwa wewe: watoto wote chini ya miaka sita, Msimbati, hela ya Dar iweke. Watoto wa la nne mpaka kidato cha pili ambao wanauliza maswali, Kilwa, tena nenda kabla ya Dar sio baada. Watoto mchanganyiko na wanaimba Kunduchi mpaka usiku, basi Dar, ila shuka Kongowe, cheza Kigamboni, na usiende chini ya siku tatu.

Sisi mwaka huu Juni tumeshaenda Msimbati. Desemba ni Dar, mchezo wetu wa akina mama wa kupeana pesa zamu yangu inaangukia Novemba, na kama malipo ya korosho ya mzee wangu nayo yatakuwa yameingia tutakuwa vizuri. Nimeshampigia wifi nimemwambia tukifika tutapitiliza Kigamboni kwanza, akanyamaza kidogo akasema sawa, na sisi tutawakuta hukohuko. Alafu juzi mama mkwe akaniambia nae hajawahi kuona hayo maji yanayoteremka, anakuja. Kwahiyo kiti cha tano kimeshapata mtu, na mdogo bado ni wa kupakata.